Makato ya Uanachama Usiouomba: Jinsi ya Kuyazima na Kudai Pesa Zako

Swali ni lile lile, ila huja kwa sura tofauti. Mmoja anaweka kredo ya shilingi 50 asubuhi akisubiri matatu pale kituo cha Kencom jijini Nairobi, na kabla hajapiga simu hata moja, kumi zimeliwa. Ujumbe unamshukuru kwa "kujiunga". Mwingine alijaribu programu ya mazoezi kwa wiki moja ya bure, akaisahau, na sasa kadi yake inakatwa kila mwezi. Wa tatu aliacha jimu ya Kilimani mwaka jana, lakini benki ingali inapeleka pesa huko kila mwisho wa mwezi. Wote wanauliza: naweza kushtaki? Nishtaki wapi? Itanigharimu nini?

Jibu fupi ni ndiyo, unaweza, na sheria za Kenya zimekupa nguvu kuliko unavyodhani. Wengi wanaoshindwa kurudishiwa pesa hawakosi haki. Wamebisha mlango usiohusika, au wamefika mlango unaohusika wakiwa mikono mitupu. Haya yafuatayo ni ya kukuepusha na makosa hayo mawili.

1. Jua kwanza pesa inatokea wapi

Kabla ya kumlaumu mtu, tafuta njia inayotumiwa kukukata. Kila njia ina dawa yake.

- Kredo ya simu. Makato madogo ya kila siku au kila wiki, mara nyingi kwa ajili ya habari, michezo, mapenzi, dini au muziki. Ujumbe hutoka nambari fupi ya tarakimu chache. Anayekukata ni kampuni inayotoa maudhui, lakini pesa hupitia kwa mtandao wako wa simu.
- M-Pesa. Tangu Oktoba 2024 kuna M-Pesa Ratiba, inayolipa yenyewe kila siku, wiki au mwezi. Ili kuianzisha ni lazima mtu aweke PIN. Kwa hiyo ukiikuta kwenye laini yako, jiulize kwanza nani nyumbani anaijua PIN yako.
- Kadi. Ya benki, au ile ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay iliyoanza 2022. Hapa ndipo yanapojificha majaribio ya bure ya filamu, mazoezi, kujifunza lugha na kadhalika.
- Agizo la kudumu la benki. Ulitia saini mwenyewe siku ya kujiunga na klabu au jimu. Benki itaendelea kulipa hadi uiambie iache.
- Duka la programu. Malipo ya Google au Apple. Hapa jina kwenye taarifa ya benki linaweza kuwa la duka, si la programu yenyewe.

Pata taarifa ya M-Pesa kupitia *334# au programu ya simu, na taarifa ya benki ya miezi kumi na miwili, si mitatu. Makato ya namna hii huwa yameanza zamani kuliko unavyokumbuka. Kisha chora mstari chini ya kila kato usilolitambua, ukiandika tarehe, kiasi na jina lililotokea.

Onyo: jina usilolijua si ushahidi wa wizi. Biashara nyingi za Nairobi hufanya kazi kwa jina moja na kusajiliwa kwa lingine. Jimu yenye jina la kuvutia pale Westlands inaweza kupokea pesa kwa jina la kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Hakiki kwanza.

2. Zima leo, lalamika kesho

Usisubiri kushinda kesi ndipo uzibe tundu. Fanya hivi siku hiyo hiyo:

1. Kredo: jibu ujumbe kwa neno STOP kwenda nambari fupi iliyokutumia. Kisha piga nambari ya huduma kwa wateja ya mtandao wako (kwa Safaricom ni 100 ukiwa wa malipo ya kabla), uliza umesajiliwa kwenye huduma gani za kulipia, na uamuru zote zitolewe. Muziki wa mwito wa Skiza hushughulikiwa kupitia *811#.
2. M-Pesa Ratiba: fungua orodha ya malipo uliyopanga, futa usiyoyatambua, kisha badilisha PIN.
3. Kadi: jiondoe kwanza ndani ya akaunti ya huduma yenyewe na upige picha ya skrini ya uthibitisho. Baada ya hapo ndipo usimamishe kadi.
4. Agizo la kudumu: nenda tawini au andika barua pepe ya kulifuta, na udai jibu la maandishi.
5. Google au Apple: ingia sehemu ya usajili kwenye akaunti yako. Kufuta programu kwenye simu hakufuti usajili hata kidogo.

Mfuatano huo una sababu. Ukifunga kadi bila kujiondoa, mkataba unabaki hai na deni linaweza kuendelea kuhesabiwa. Tena baadhi ya mitandao ya kadi huwapa wauzaji namba mpya ya kadi yako, na makato hurudi kama hayakuwahi kuondoka.

3. Silaha zako kisheria

Huhitaji kuwa wakili. Yajue mambo haya sita, uyataje kwenye barua yako.

- Katiba ya 2010, Kifungu cha 46. Mtumiaji ana haki ya kupata habari anazohitaji, kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia akipata hasara.
- Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Huduma usiyoiomba haikuwekei wajibu wa kulipa. Ombi haliwezi kudhaniwa lipo kwa sababu tu ulinyamaza, muda ulipita, au ulilipa bila kujua. Na kama ulishawishiwa kwa maelezo ya uongo, una mwaka mmoja tangu kuingia mkataba huo kutoa ilani ya kuuvunja.
- Sheria hiyo hiyo, kuhusu jimu na mazoezi. Mkataba wa huduma za afya, mazoezi, michezo au dansi unaolipwa kabla lazima uwe wa maandishi, na usizidi mwaka mmoja. Unaweza kuuvunja ndani ya siku 10 baada ya kupata nakala bila kutoa sababu yoyote. Kama huduma zote hazijaanza kupatikana siku unapopewa nakala, siku hizo huhesabiwa tangu zilipoanza.
- Sheria ya Ushindani ya 2010, Kifungu cha 56. Mtoa huduma haruhusiwi kukutoza ada ambayo hukufahamishwa kabla. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliagiza watoa huduma za fedha kwa simu waonyeshe gharama kwenye skrini kabla mteja hajathibitisha muamala.
- Kanuni za Kulinda Watumiaji wa Mawasiliano za 2010. Matangazo ya kujiendesha yanayotumwa kwa simu yanahitaji ukubali kwanza. Kimya chako si kukubali.
- Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Anayetumia nambari yako ya simu kibiashara anahitaji idhini yako, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikubali ni wake.

Hilo la mwisho lisome tena. Watu wengi hufika mbele ya mhudumu wakijitetea: "Sikujiunga, naapa!" Usiape. Mwambie akuonyeshe ni lini ulijiunga, saa ngapi, kwa ujumbe gani au kwa kubonyeza nini. Akishindwa, tayari una nusu ya kesi.

4. Karatasi zako

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua faili moja, ya karatasi au ya simu, uweke humo:

- Taarifa za M-Pesa, benki na kredo zenye makato yaliyopigiwa mstari.
- Ujumbe wote kutoka nambari fupi, pamoja na ule STOP wako na jibu lake.
- Nakala ya mkataba au fomu ya kujiunga. Kama huna, iombe kwa maandishi.
- Picha za skrini za masharti ya huduma, zikionyesha tarehe.
- Kumbukumbu ya kila simu: tarehe, saa, jina la mhudumu, nambari ya lalamiko.
- Jedwali fupi la jumla unayodai.

Fanya hesabu hata kama kila kato ni dogo. Shilingi 10 kwa siku ni shilingi 3,650 kwa mwaka. Jimu ya shilingi 6,000 iliyoendelea kukata miezi saba baada ya wewe kuondoka inapaswa kukurudishia 42,000. Nambari hizo hubadilisha namna unavyosikilizwa.

Onyo: usifute ujumbe kwa hasira. Na ukipeleka picha za skrini mahakamani, ambatisha cheti kinachoeleza zimepigwa kwa kifaa gani na nani, kama Sheria ya Ushahidi inavyotaka kwa ushahidi wa kielektroniki. Mahakama ya Madai Madogo (tazama sehemu ya 7) haifungwi na kanuni kali za ushahidi, lakini cheti hicho hakigharimu chochote na humziba mdomo mpinzani.

5. Andika barua ya madai

Simu huisha hewani, barua hubaki. Peleka kwa barua pepe na, kama ofisi iko mjini, peleka nakala ya pili kwa mkono na udai muhuri wa kupokelewa kwenye yako. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

*Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.*

*YAH: MAKATO BILA IDHINI, NAMBARI/AKAUNTI (andika)*

*Kati ya tarehe (…) na (…) mmenikata jumla ya shilingi (…) kwa huduma ambayo sikuiomba / niliyoiacha tarehe (…). Jedwali na taarifa zimeambatishwa.*

*Ninataka: (1) msitishe makato mara moja, (2) mnirudishie shilingi (…) ndani ya siku 14, (3) mnipe rekodi zote za idhini mnayodai nilitoa, na taarifa zangu binafsi mnazohifadhi, kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Data ya 2019.*

*Siku hizo zikipita, nitapeleka suala hili kwa mamlaka husika na Mahakama ya Madai Madogo bila ilani nyingine.*

*Jina, sahihi, tarehe.*

Ombi la tatu ndilo linalouma. Chini ya kanuni za 2021 za sheria hiyo ya data, ombi la mtu kuona data yake linapaswa kujibiwa ndani ya siku saba, bila malipo. Kampuni isiyo na rekodi hiyo huanza kuzungumza lugha ya kurudisha pesa mapema.

Usitukane, usitishie kumchafulia mtu jina, usiongeze chumvi. Barua hii huenda ikasomwa na mwamuzi. Iandike ukimfikiria yeye.

6. Mlango upi ni wako?

Zikipita siku 14 bila jibu la maana, chagua mlango kulingana na kilichotokea.

Makato ya kredo na ujumbe wa nambari fupi: Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, Waiyaki Way, Westlands. Andikia chukuahatua@ca.go.ke. Watakuuliza kama ulilalamika kwa mtandao wako kwanza, kwa hiyo ambatisha nambari ya lalamiko. Bila hiyo utarudishwa ulikotoka.

Ada zilizofichwa na matangazo ya uongo: Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, katikati ya jiji. Huu ni mlango mzuri hasa ukijua wateja wengine wametendewa vivyo hivyo, maana mamlaka hii inaweza kuchunguza mwenendo mzima wa kampuni.

Nambari au data yako kutumika bila idhini: Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, Britam Tower, Upper Hill. Lalamiko hupelekwa bila ada na linapaswa kuhitimishwa ndani ya siku 90. Ofisi hii ina meno: Septemba 2023 iliipiga klabu ya Casa Vera faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini, na kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride shilingi 2,975,000. Inaweza pia kuamuru ulipwe fidia.

Kadi: benki yako kwanza. Jaza fomu ya kupinga malipo ya kadi. Kanuni za mitandao ya kadi mara nyingi hutoa hadi siku 120, lakini benki yako inaweza kukuwekea muda mfupi zaidi, kwa hiyo usisubiri hizo siku 14. Kwa kampuni ya ng'ambo isiyo na ofisi hapa, njia hii ndiyo inayofaa. Kuishtaki mahakamani hapa kutakula muda na nauli. Benki yenyewe ikikataa kukusikiliza, andikia Benki Kuu, Haile Selassie Avenue.

Unataka pesa zako na mdaiwa yuko Kenya: Mahakama ya Madai Madogo.

Unaweza kubisha zaidi ya mlango mmoja. Mamlaka huadhibu na kurekebisha. Mahakama huamuru ulipwe. Usidhani faini anayopigwa mfanyabiashara itaingia mfukoni mwako.

7. Mahakama ya Madai Madogo, hatua kwa hatua

Mahakama hii iliundwa kwa sheria ya 2016 na ikaanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Huhitaji wakili. Unaweza kujieleza kwa Kiswahili.

1. Pata jina halisi la mdaiwa. Fanya upekuzi wa kampuni kwa Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Ukishtaki "jina la kibao" badala ya kampuni iliyosajiliwa, utashinda karatasi isiyoweza kukusanya hata senti.
2. Chagua msingi wa dai. Mahakama hii ina mamlaka juu ya mikataba ya bidhaa na huduma, na juu ya pesa zilizopokelewa na kushikiliwa na mtu asiyestahili. Makato bila idhini yanaingia humo moja kwa moja. Acha hotuba ya Katiba. Dai pesa zako kwa maneno mepesi.
3. Jaza taarifa ya dai. Sema nani, lini, kiasi gani, kwa nini hakustahili, na unataka nini. Ukurasa mmoja au kurasa mbili zinatosha.
4. Wasilisha kwa mtandao kupitia mfumo wa Idara ya Mahakama wa kuwasilisha kesi, ulipe ada. Kama huna kompyuta, saiba za katikati ya jiji hufanya kazi hii kila siku, lakini fungua akaunti kwa barua pepe yako mwenyewe, si ya saiba. Ilani zote za kesi zitatumwa huko.
5. Mfikishie mdaiwa nakala na uweke ushahidi wa kumfikishia. Kesi nyingi huchelewa hapa.
6. Hudhuria. Vikao vingine huwa vya mtandaoni. Tafuta chumba kimya na chaji ya kutosha. Usiihutubie mahakama ukiwa ndani ya matatu ya Kawangware.
7. Sikiliza ofa ya suluhu. Mdaiwa akikubali kulipa, suluhu iandikwe na kurekodiwa kama amri ya mahakama.
8. Kusanya. Ukishinda na asilipe, omba utekelezaji: mahakama inaweza kuagiza pesa zichukuliwe kutoka akaunti yake ya benki au dalali wa mahakama aende kwake.

Usigawanye dai moja vipande vipande ili uwasilishe mara nyingi. Na fahamu kwamba rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, kwa hiyo weka ushahidi wako wote mezani tangu mwanzo.

8. "Lakini…"

"Lakini nilibonyeza 'Nakubali' bila kusoma." Bado una la kusema, kama bei ilifichwa au maelezo yalipotosha. Ila kama bei ilikuwa wazi na wewe ukasahau tu, sema ukweli: dai litakuwa la kujiondoa kuanzia leo, si la kurudishiwa mwaka mzima. Ukidai zaidi ya haki yako utapoteza hata ile uliyonayo.

"Lakini mkataba unasema migogoro yote iende kwa msuluhishi binafsi." Sheria ya Kulinda Watumiaji inabatilisha kipengele kama hicho pale kinapokuzuia kwenda Mahakama Kuu kudai haki inazokupa. Na haki hizo haziondolewi kwa wewe kutia saini kwamba umeziacha.

"Lakini mtoto alichukua simu." Hapo ni vigumu kumlaumu mtoa huduma kwa kila kitu. Omba urejeshewe kwa hisani, funga ununuzi kwa nenosiri, na uendelee na maisha.

"Lakini kampuni ni kubwa, haiguswi." Oktoba 2019 wakili Adrian Kamotho alipeleka malalamiko dhidi ya Safaricom juu ya bando zinazoisha muda kabla hazijatumika, na mwezi huo huo kampuni ikazindua bando zisizo na mwisho wa muda. Na Marekani, Septemba 2025, Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza madai kwamba iliwaingiza watu kwenye uanachama wa Prime bila ridhaa na kuwawekea vikwazo vya kujitoa. Kati ya hizo, bilioni 1.5 ni za kuwarudishia wateja.

"Lakini dai langu ni shilingi 300." Usiende mahakamani peke yako kwa shilingi 300. Lalamika kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na utafute wenzako. Sheria inaruhusu watumiaji kudai kwa pamoja, na kesi ya kundi inayohusu haki za kikatiba mahali pake ni Mahakama Kuu. Hapo utahitaji wakili au shirika. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973 na chenye ofisi Ole Odume Road, Kilimani, husaidia wasio na uwezo; Shirikisho la Watumiaji la COFEK nalo hupigania masuala ya namna hii.

"Lakini imepita miaka miwili." Madai ya mkataba yana miaka sita kabla hayajazimwa na muda. Hata hivyo baadhi ya haki za Sheria ya Kulinda Watumiaji zina mwaka mmoja tu. Ukichelewa, silaha zinapungua.

9. Makosa yanayorudiwa kila siku

- Kubadilisha laini ya simu ili kukimbia makato, na hivyo kupoteza rekodi zote.
- Kulalamika kwenye mitandao ya kijamii peke yake. Husaidia kuharakisha jibu, lakini si ilani ya kisheria.
- Kukubali "pointi" au mwezi wa bure badala ya pesa. Mwezi wa bure ni usajili mpya.
- Kutia saini kwamba "sina dai lolote tena" kabla pesa hazijaingia.
- Kukubaliana kwa mdomo na mwalimu wa jimu kwamba umeacha. Mkataba wako hauko naye; andikia ofisi.
- Kumlipa mtu wa kati anayejidai "anajua watu" mahakamani.

10. Matapeli wanaonusa malalamiko

Ukishaandika hadharani kwamba umekatwa pesa, tegemea simu ya mtu mpole anayetaka "kukurudishia". Safaricom hupigia wateja kutoka 0722 000 000 tu. Hakuna mtandao, benki wala mahakama inayohitaji PIN yako, tarakimu za nyuma ya kadi, au namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe, ili kukurudishia pesa. Ujumbe wa ulaghai kwa wateja wa Safaricom upelekwe 333, bila malipo. Na piga *106# uone kama kuna laini nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wakati mwingine makato ya ajabu huanzia huko.

11. Ratiba ya kubandika ukutani

- Siku ya 1: zima makato, badilisha PIN, piga picha za skrini.
- Siku ya 2 na 3: pata taarifa za miezi 12, fanya jedwali.
- Siku ya 4: tuma barua ya madai; kama ni kadi, jaza fomu ya benki siku hiyo hiyo.
- Siku ya 11: je, wamekuonyesha rekodi ya idhini? Kama la, kumbusha kwa maandishi.
- Siku ya 18: siku 14 zimeisha. Lalamika kwa mamlaka inayohusika.
- Siku ya 20: upekuzi wa jina la kampuni.
- Siku ya 25: wasilisha dai katika Mahakama ya Madai Madogo, kama kiasi kinastahili kesi.

Na baada ya kurudishiwa, jiwekee kanuni mbili. Kwa kila jaribio la bure, tumia kadi ya mtandaoni yenye salio dogo na uweke kengele ya simu siku mbili kabla ya jaribio kuisha. Na kila unapojiunga na jimu, klabu au huduma yoyote ya kila mwezi, uliza swali hili kabla ya kutoa pesa: "Nikitaka kutoka, natoka vipi?" Asiyeweza kukujibu hapo hapo, tena kwa maandishi, usimpe nambari ya kadi yako.